KUCHEZA NJE NA WATOTO WETU WADOGO, NA FAIDA YAKE KWA MWILI WA MTUMISHI

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa Mbulu na Hanang')



Tuliagizwa tuseme juu ya afya ya mtumishi, na yamkini wengi wenu mlitazamia kusikia habari za dawa, au za bima, au za vyakula. Mambo hayo ni mema, nayo yana wasemaji wake. Sisi tumechagua neno dogo zaidi, ambalo kila mwenye mtoto nyumbani aweza kulianza kesho pasipo kuomba fedha kwa mtu: yaani kucheza nje na mtoto mdogo, na kuujenga mwili wa mzazi kwa mchezo uo huo. Neno hili ni dogo, lakini ndani yake mna mambo mawili makubwa, uzima wa baba na mama, na makuzi ya mtoto. Nasi twataka kuonyesha ya kuwa mambo hayo mawili yaweza kutimizwa kwa nusu saa moja.

Kwanza yafaa tuitazame siku ya mtumishi jinsi ilivyo. Saa 1:30 asubuhi hufika ofisini na kukaa kitini. Mbele yake yako majalada na kompyuta, naye hukaa. Akiitwa mkutanoni, hukaa. Saa 9:30 alasiri kazi yakoma. Naye hupanda bodaboda, akiwa amekaa, mpaka mlangoni kwake. Huingia ndani, akakaa tena mbele ya televisheni hata chakula kiwe tayari. Akiulizwa hali, hujibu kwamba amechoka sana. Hatumcheki, maana kuchoka kwake ni kweli: akili imechoka, na macho, na mgongo. Lakini miguu yake haikuchoka. Miguu imelala tangu asubuhi, na moyo wake haukupata kazi inayoufaa.

Sasa tuitazame siku ya mtoto wake. Mtumishi ni mtu wa uhamisho. Leo yuko Katesh, mwaka ujao yuko Haydom au Dongobesh, na kwao ni Kagera, au Mbeya, au Pemba. Bibi na babu wa mtoto wako mbali. Binamu zake hawajui. Baba na mama wakienda kazini, mtoto asiyefikia umri wa shule hubaki na yaya ndani ya kota, na geti limefungwa, maana yaya aogopa magari na lawama. Akilia hupewa simu ili anyamaze, naye hunyamaza kweli. Hata jioni wazazi warudipo wamkuta yu kimya, nao husema, Mtoto wetu ni mpole.

Na nje ya geti lile lile, mtoto wa jirani mwenye shamba hakai. Asubuhi huwafuata ndama na mbuzi karibu na boma, kwa kuwa ndivyo wafugaji wa nchi hii, Wairaqw kwa Wadatoga, wanavyomwanzisha mtoto kabla hajakabidhiwa ng'ombe wakubwa. Huruka mifereji, hupanda miti, husukuma ringi ya baiskeli kwa kijiti, huanguka na kuinuka. Hapo ndipo lipo jambo la ajabu: baba aliyesoma na mwenye mshahara wa kila mwezi amnunulia mwanawe viatu vizuri, lakini mtoto wa jirani asiye na viatu ndiye mwenye miguu.

Ndugu zetu, nchi hii tuliyoletwa kuitumikia ni nchi ya miguu, na sifa hiyo imekwenda mbali. John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu, ndiye aliyekimbia marathoni ya Olimpiki huko Mexico City mwaka 1968, akaanguka na kuumia goti, naye hakuacha. Alifika uwanjani na bandeji mguuni, wa mwisho katika 57 waliomaliza, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974. Gidamis Shahanga wa Katesh alishinda marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978 huko Edmonton, na mwaka 1982 akashinda mita 10,000 huko Brisbane. Na Gabriel Geay, kijana wa Mbulu, alikuwa wa pili katika marathoni ya Boston mwaka 2023. Hatusemi ya kuwa kila mtoto wa karani atakuwa Bayi. Twasema tu kwamba ni aibu mtoto kukua katika nchi kama hii, yenye hewa safi na vilima kila upande, akaijua kwa kuichungulia dirishani.

Huenda mtu akauliza: Je, kukaa kwadhuru kweli, au ni maneno ya watu wapendao michezo? Twamjibu kwa ushahidi wa namna mbili, mmoja wa mbali na mmoja wa karibu.

Ushahidi wa mbali ni wa Uingereza. Mwaka 1953 daktari mmoja, Jeremy Morris, pamoja na wenzake, walitangaza habari za uchunguzi wao juu ya watumishi wa mabasi ya London. Mabasi yale yalikuwa ya ghorofa mbili, na kila basi lilikuwa na watu wawili: dereva, aliyekaa kitini siku nzima, na kondakta, aliyepanda na kushuka ngazi akikata tiketi. Watu hao walifanya kazi katika basi moja na barabara moja, lakini madereva walionekana kupatwa na ugonjwa wa moyo zaidi kuliko makondakta. Kisha wakatazama watumishi wa Posta, wakaona jambo lilo hilo: wapeleka barua, waliokwenda kwa miguu na baiskeli, walisalimika zaidi kuliko makarani na wapokea simu waliokaa mezani. Hapo sisi makarani tumesikia habari zetu wenyewe. Zamani tulimwonea huruma tarishi kwa sababu ya kutembea kwake. Kumbe tarishi alikuwa akichuma afya njiani.

Ushahidi wa karibu uko hapa hapa. Wahadzabe wakaa kandokando ya Ziwa Eyasi, na baadhi yao wapo katika bonde la Yaeda, wilayani Mbulu. Wataalamu kutoka Marekani, miongoni mwao David Raichlen na Herman Pontzer, waliwafungia vyombo vya kupimia mapigo ya moyo na mwendo wa mwili. Mwaka 2017 walitoa habari kwamba Wahadzabe hufanya kazi ya mwili ya kuutosha moyo kwa kiasi cha dakika 135 kila siku, na ugonjwa wa shinikizo la damu ni haba kwao. Mwaka 2020 wakaongeza neno la kushangaza: Wahadzabe nao hupumzika sana, karibu saa 10 kwa siku wakati wakiwa macho, kiasi kisichopungua cha watu wa mijini. Tofauti ni namna ya kupumzika. Wao mara nyingi huchuchumaa na kupiga magoti, na misuli ya miguu haiachi kufanya kazi. Sisi twajitupa kitini na misuli yote yalala. Basi hata kule kuchuchumaa penye mtoto na kucheza naye mchangani si kazi bure.

Sasa tuseme kipimo, maana mtumishi hupenda tarakimu. Shirika la Afya Duniani lilitoa maagizo juu ya watoto wadogo mwaka 2019, na juu ya watu wazima mwaka 2020. Mtoto wa mwaka 1 hata miaka 4 apaswa kuushughulisha mwili wake kwa dakika 180 au zaidi kila siku, zikigawanywa mchana kutwa. Na akifika miaka 3, dakika 60 katika hizo ziwe za nguvu, yaani za kukimbia na kuruka hata ahemke. Asifungwe mgongoni wala kitini kwa zaidi ya saa moja mfululizo. Na kutazama simu au televisheni, mtoto wa mwaka 1 asitazame kabisa. Wa miaka 2 hata 4 asipite saa moja kwa siku, na ikipungua ni heri zaidi. Mtu mzima naye apaswa kupata dakika 150 hata 300 za kazi ya mwili ya kadiri katika juma, au 75 hata 150 za kazi ya nguvu. Na siku mbili au zaidi katika juma aikaze misuli yake yote.

Twawaomba muandike hesabu hii. Siku za kazi katika juma ni 5. Nusu saa kila siku, mara 5, ni dakika 150. Hicho ndicho kipimo cha mzazi kimetimia, pasipo kugusa Jumamosi wala Jumapili. Na tangu saa 9:30 ya alasiri hata jua kutua, ambako katika wilaya zetu ni kiasi cha saa 12 na nusu jioni, mna saa tatu kamili. Katika saa tatu hizo twaomba nusu saa moja tu. Mtu asiseme hana wakati.

Lakini nusu saa hiyo ina sharti lake, na hapa ndipo penye moyo wa hotuba yetu. Wako wazazi wengi wema wanaowatoa watoto nje, kisha wenyewe wakakaa juu ya jiwe na simu mkononi, wakisema kila mara, Usiende huko! Huo ni ulinzi, wala si mchezo. Mtoto aliye peke yake na mlinzi wake hucheza kidogo, akachoka, akaja kuketi naye jiweni. Mzazi akiingia mchezoni, mtoto hapati kuketi, na mzazi naye hapati. Wala hakuna mwalimu wa mazoezi ashindaye mtoto wa miaka 4: hachoki kukwambia, Tena! Tena! Hataki karo, na ukitoroka atakufuata mpaka ndani.

Jinsi ya kujua kwamba kazi yatosha ni hii. Ukiwa unacheza na waweza kusema maneno lakini huwezi kuimba, hiyo ni kazi ya kadiri. Ukiweza kusema maneno machache tu kisha sharti uvute pumzi, hiyo ni kazi ya nguvu. Na kama mnacheza Ukuti, nawe waimba wimbo wote sawasawa na sauti haikatiki, basi zungukeni upesi zaidi, maana bado hamjaanza.

Tutaje sasa michezo yenyewe, kwa kufuata umri.

Mtoto aliyeanza kutembea, wa mwaka 1 na 2, mchezo wake ni mwendo. Mshushe mgongoni, umwache atangulie, nawe umfuate anakokwenda. Ataokota mawe, atarudi nyuma, atazunguka mti mmoja mara 6. Wewe inama kila ainamapo, chuchumaa kila achuchumaapo. Utakuwa umechuchumaa mara 30 kabla hujajua. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nasi kinachotupotea ni kule kuinama kwenyewe. Akichoka, mbebe kwa kanga mgongoni, au mabegani, mpande kilima kidogo. Mtoto wa miaka 3 ana uzito wa kiasi cha kilo 14. Huo ni mzigo mwema, nao una hekima yake: wakua polepole mwezi kwa mwezi, na nguvu za mzazi zakua pamoja nao. Hakuna chuma cha mazoezi chenye tabia hiyo.

Mtoto wa miaka 3 na 4 ataka kufukuzwa. Chezeni kidali po, mmoja akifukuza na wengine wakikimbia. Mzazi asimkamate upesi, wala asijifanye hawezi siku zote, bali ageuze zamu ili naye akimbie kweli. Chezeni toroli: mtoto ashike nchi kwa mikono, wewe umshike mapajani, atembee kwa mikono yake, mabega yake yapata nguvu, na mgongo wako pia ikiwa umekunja magoti. Chezeni ndege: mzazi alale chali penye majani, aikunje miguu, mtoto alale juu ya miundi yake, naye amwinue na kumshusha polepole. Mara 10 za mchezo huo zitamfundisha karani kwamba ana misuli ya tumbo, jambo ambalo huenda alikwisha kulisahau.

Mtoto wa miaka 5 na 6 ni mwenzi kamili. Kamba ya katani, wawili wazungushe na wa tatu aruke. Mzazi asiwe mzungushaji kila siku. Mpira wa makaratasi na nailoni watosha kwa rede, wawili wakirushiana na wa katikati akikwepa. Kombolela yafaa pakiwa na watoto wa jirani, maana kukimbilia kopo kabla mlinzi hajarudi ni mbio fupi za nguvu kweli kweli. Na msisahau ringi na kijiti, maana mzazi anayekimbia kando ya ringi ya mwanawe hatajua kwamba amekwisha kukimbia nusu kilomita. Mdako na bao ni michezo mizuri ya akili, lakini iwekeni kwa siku za mvua.

Tena iko faida moja ambayo wengi hawaijui, nayo ni ya macho. Katika mji wa Guangzhou, nchini China, watoto wa darasa la kwanza katika shule kadhaa waliongezewa dakika 40 za kuwa nje kila siku ya masomo kwa miaka 3. Habari zake zilitolewa mwaka 2015: katika shule ambazo hazikuongeza muda huo, kiasi cha watoto 40 katika kila 100 walipata ugonjwa wa kutoona mbali, katika shule zilizoongeza, ni kiasi cha 30. Mwanga wa mchana ni dawa ya macho ya mtoto, nao huku kwetu hauuzwi.

Lakini hatuwezi kusifu mchezo tukanyamaza juu ya hatari, maana mtoto ni amana.

Kwanza, msimvute wala kumwinua mtoto mdogo kwa mkono mmoja, hata kwa furaha. Kiungo cha kiwiko chake huteguka upesi. Mwinueni kwa kumshika chini ya makwapa. Wala mtoto mchanga asitikiswe kabisa, kwa mzaha wala kwa hasira, kwa sababu ubongo wake waweza kuumia.

Pili, barabara si uwanja. Bodaboda haina mlio wa kutosha kumwonya mtoto anayekimbilia mpira. Chagueni mahali penye ua, au pa mbali na njia, au ombeni uwanja wa shule baada ya masomo.

Tatu, jihadharini na maji. Yaliyotuama huweza kuwa na kichocho. Na wakaao Basotu wajua kwamba ziwa lao lina viboko, wala kiboko hajui kucheza.

Nne, korongo si uwanja, hata likiwa kavu. Hapa twasema kwa heshima kuu, maana wamo miongoni mwetu waliofiwa. Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo yalishuka kutoka Mlima Hanang', yakaushukia mji wa Katesh na vijiji vya jirani, watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Hatutaki mlima ule uwe jina la hofu kwa watoto wetu. Wala hatusemi kwamba mchezo ni kinga ya maafa. Lakini mtoto atembeaye na baba yake kila jioni huijua nchi: ajua njia ya maji ni ipi, wapi pana mwinuko, njia gani yapanda upesi. Siku za mvua kubwa mwonyesheni makorongo kwa mbali, mkamwambie kwa nini hayachezewi. Hilo nalo ni somo, tena hufundishwa kwa miguu.

Tano, mzazi mwenye shinikizo la damu, au kisukari, au asiyekimbia kwa miaka mingi, asianze kwa mbio. Aanze kwa mwendo wa dakika 10, aongeze kidogo kidogo, na akiona maumivu ya kifua au kizunguzungu aache, aende kwa mganga. Haba na haba hujaza kibaba.

Na baridi je? Twajua upepo wa Mbulu wa mwezi wa Juni na Julai. Lakini baridi ni sababu ya kuvaa sweta, wala si sababu ya kufunga mlango. Mtoto anayekimbia hupata joto upesi. Anayeganda ni yule aliyeketi kumtazama.

Yabaki mambo mawili ambayo watu hawayasemi mkutanoni, bali huyasema njiani wakirudi.

La kwanza ni heshima. Husemwa: Itakuwaje wananchi wakimwona Afisa Mtendaji, au Mwalimu Mkuu, au Mganga, anakimbizana na mtoto uwanjani, shati limetoka nje? Je, kesho watamstahi? Twajibu kwamba heshima ya mtumishi yakaa katika haki anayoitenda mezani pake, na katika mikono isiyopokea rushwa. Haikai katika kutotokwa na jasho. Mwananchi akimwona mtumishi akicheza na mwanawe, atajua kwamba huyu ni mzazi kama yeye. Tena watoto wa jirani watakuja mchezoni, na nyuma yao watakuja wazazi wao. Hapo mtoto wa mgeni atajifunza michezo na maneno ya Kiiraqw na ya Kidatoga kutoka kwa wenyeji, na baba yake atajua majina ya watu ambao tangu alipohamia aliwajua kwa namba za majalada. Geti lililofunguliwa kwa ajili ya mtoto limemfungulia na baba.

La pili ni juu ya nani acheze. Mke na mume wote wawili warudi kazini saa ile ile. Lakini mke ndiye aingiaye jikoni, na mume ndiye aingiaye sebuleni. Mke huyo amekwisha kusimama, kuinama na kubeba. Yeye aliye na upungufu ni bwana. Basi sisi twaona kwamba mchezo wa jioni ni zamu ya baba kwanza. Akimtoa mtoto nje nusu saa, ampa mke nafasi, ampa mtoto mwendo, ajipa mwenyewe uzima. Na mara mbili katika juma wabadilishane, baba aende jikoni, mama aende uwanjani, maana yeye naye akaa ofisini kama mumewe, na moyo wake si wa chuma. Yaya naye afundishwe michezo hii, apewe na ruhusa ya kufungua geti. Asilaumiwe kwa kila kovu la goti.

Serikali yenyewe imekwisha kusema. Desemba 2016 Makamu wa Rais wa wakati ule, Samia Suluhu Hassan, aliagiza kwamba Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi ya mwili. Na Desemba 2021 ilizinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ambayo yahimiza mzazi kumchangamsha mtoto tangu utoto wake wa awali. Tena wenzetu wa wizara na idara wana michezo yao ya SHIMIWI, wakivuta kamba na kukimbia. Hayo yote ni mema. Lakini michezo ya mashindano huchagua wenye nguvu, na wasio na nguvu huwa watazamaji. Tena Jumamosi moja katika mwezi haitoshi kuushiba moyo. Mchezo na mtoto haumchagui mtu, nao waja kila siku ukivuta suruali yako mlangoni.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, twaomba mkutano huu uyafikiri mambo matatu. Kwanza, Jumamosi ya pili ya mwezi wanachama waje uwanjani pamoja na watoto wao wadogo, wala wasiwaache nyumbani. Pili, tuchange kidogo kidogo tununue kamba ndefu na mipira michache, ikae kwa Katibu, na kila mwenye mtoto aiazime. Tatu, kila kota zenye nyumba kadhaa zichague kipande kimoja cha ardhi, tukifyeke, tuondoe chupa na misumari, tukiite uwanja wa watoto, na mtu asiegeshe gari lake pale.

Wazee walisema, Samaki mkunje angali mbichi. Sisi hatusemi samaki ni mtoto peke yake. Mzazi wa miaka 30 na 35 naye angali mbichi. Viungo vyake vyakunjika bado. Akingoja hata astaafu, atapata wakati mwingi wa kucheza, lakini mtoto atakuwa amekwenda zake, na magoti yatakuwa yamekwisha kukataa. Mtoto huomba kuchezewa kwa miaka michache tu, kisha hutafuta wenzake, na mlango huo hufungwa pasipo kelele. Basi na tumfuate nje wakati bado atuita.

Bwana Mwenyekiti, Mabibi na Mabwana, tumesema mengi, na jua lingali juu kidogo. Twaona watoto kadhaa hapo nje ya dirisha wakiwangoja wazazi wao. Hatutawachelewesha zaidi.